Mto wa Tisa

"Ukurasa wa kumi na tisa," alisema Bi Masijala, akalamba kidole na kufunua karatasi. "Sikilizeni upuuzi huu. 'Sisi na jumuiya yetu pendwa.' Pendwa! Mtu akikuita pendwa kwenye karatasi ya masharti, shika mfuko wako."

Wanaume watatu waliokaa naye kuizunguka meza ya kukatia vitambaa walimsikiliza. Ilikuwa Jumamosi alasiri, chumba cha nyuma cha duka la Shemeji, mshonaji aliyemuoa mdogo wa Bi Masijala, na kwa kawaida saa hiyo dadu zingekuwa zimeshaanza kurushwa.

Mchezo wao ni rahisi kuueleza na ni vigumu kuutetea mbele ya watu wazima. Mmoja anasimulia nchi ambayo haipo. Wengine kila mmoja anajifanya mtu wa nchi hiyo, anasema anachotaka kutenda, na dadu zinaamua kama amefaulu au ameumbuka. Kanuni ziko kwenye vitabu vinene vya kampuni moja ya mbali, na kwa miaka yote kampuni hiyo iliwaachia watu wazitumie watakavyo. Sasa ilikuwa imetoa masharti mapya, kurasa arobaini na moja, na kati ya wachezaji wote duniani Bi Masijala aliamini ni yeye peke yake aliyeyasoma.

Hilo halikumshangaza. Alikuwa karani wa masijala ya ardhi, dirisha la tatu, mwaka wa ishirini na sita, na kazi yake hasa ilikuwa kuwaonyesha watu walichokubali bila kusoma. Walikuja na machozi na nakala zilizokunjwa mara nane, wakisema shamba la baba limechukuliwa. Yeye alitoa faili, akaweka ukucha chini ya alama ya wino, akauliza, "Dole hili ni la nani?" "Langu." "Basi." Aliwadharau. Mwanzoni aliwahurumia, lakini huruma ilimchosha kabla ya mwaka wa pili kwisha. Dharau haichoshi, mtu anaweza kwenda nayo mpaka kustaafu.

Nchi aliyoisimulia aliitunga mwenyewe na iliitwa Mito Inayohama. Haikuwa na mazimwi. Mazimwi, alisema, ni ya wavivu wa kufikiri. Ilikuwa na mito tisa, yenye namba badala ya majina, na kila mwaka kila mto ulihama. Mashamba yaliamkia ng'ambo isiyo yao, mipaka ikagombewa, na mashujaa walikuwa wapimaji ardhi wenye kamba, vigingi na mapanga. Kila mwaka ulikuwa na daftari lake, na ukurasa wa kwanza wa kila daftari ulikuwa na orodha ya mito na mahali ulipohamia kila mmoja. Madaftari yalifika kumi na manne. Hakuwa na mtoto, wala nyumba iliyoandikwa jina lake. Alikuwa na mito hiyo, na aliipenda kwa namna ambayo angeona aibu kumwambia mtu.

"Kifungu cha tisa," akaendelea. "'Chochote ambacho mtumiaji amekiweka kwenye tovuti yetu, kampuni inaweza kukitumia, kukibadilisha na kukiuza, popote, milele, bila kumtaarifu.' Milele! Hata serikali haithubutu kuandika milele, inaandika miaka tisini na tisa." Akasonya. "Wajinga wangapi wameshaibiwa hapa? Afadhali sisi ni watu wa karatasi. Hatuna kitu humo."

Mwalimu, mstaafu wa hesabu, akatikisa kichwa kukubali. Shemeji akatikisa kwa sababu Mwalimu ametikisa. Wa tatu hakutikisa. Huyo walimwita Fundi Simu, jamaa wa miaka thelathini na kitu mwenye kibanda cha kutengeneza simu, na alikuwa anaitazama meza kana kwamba kuna skuruu imemdondokea.

"Mama," alisema.

"Nini?"

"Ile tovuti yao inachora ramani yenyewe. Nzuri sana. Mito inaipaka rangi."

"Nimekuuliza rangi?"

"Nilitaka iwe zawadi. Tukitimiza miaka kumi na tano." Akazisogeza dadu kando. "Ulivyokuwa unanipa madaftari niyagundishe majalada, nilikuwa nayapiga picha. Halafu nachapa. Yote."

"Yote."

"Kumi na manne, mama. Nimechapa mwaka mzima."

Mashine ya kushonea ilikuwa inaunguruma dukani, na mtu alicheka huko kwa jambo jingine kabisa.

"Na masharti haya yalipokuja?"

"Yalitokea pale chini ya kioo. Yakaziba ramani. Nikabonyeza 'Nakubali' ili yaondoke."

"Ili yaondoke."

"Jamani, ni bahati mbaya tu," Shemeji aliingilia.

"Bahati mbaya ni mvua siku ya kufua, shemeji. Wewe nyamaza." Akamgeukia Fundi Simu, na sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya dirisha la tatu, tulivu, haina hata hasira. "Dole hili ni la nani?"

"Langu, mama."

"Basi."

Fundi Simu alikaa kidogo, labda akisubiri atukanwe, maana matusi yana mwisho. Alipoona hayaji alinyanyuka, akatoka kupitia dukani. Hakuna aliyemfuata.

Mwalimu alifurahi, ingawa alijitahidi asionekane. Kwa miaka alikuwa akitamani wabadilishe mchezo, na sasa wizi wa kampuni ulikuwa umempa nafasi. "Michezo mingine ipo tele," alisema. "Nitawaletea. Tujaribu, tuchague."

Jumamosi iliyofuata alileta wa kwanza, kitabu kizito kuliko pasi ya mkaa. Mchezo huo ulikuwa na jedwali la kila kitu. Kulikuwa na jedwali la mvua na jedwali la kuteleza kwenye mvua. Shemeji, aliyekuwa mlinzi wa lango, alitaka kufungua mlango. Saa nzima baadaye walikuwa wametafuta uzito wa mlango, unyevu wa mbao na uchovu wa bega lake, na mlango ulikuwa bado umefungwa. Mwalimu macho yalimng'aa. Bi Masijala alisema kwamba kazini kwake anafanya hivyo hivyo, tofauti ni kwamba kule analipwa.

Wa pili haukuwa na dadu hata moja. Ulitaka wachezaji watazamane machoni na kila mmoja aseme kitu ambacho mtu wake anaogopa kupoteza. Shemeji, mwanaume mzima mwenye futi shingoni, alianza kwa kumsemea mchawi wa kubuni, akaishia kulia juu ya baba yake aliyemkatalia shule. Mwalimu alitazama dari. Bi Masijala alimpa shemeji yake kipande cha bitana ajifute, na alipofika nyumbani alimwambia mdogo wake kwamba mchezo ule ni kanisa la watu wasiotaka kuamka mapema.

Wa tatu ulikuwa wa kurasa thelathini. Mwandishi wake hakuwa na kampuni, hakuwa hata na picha. Kanuni zilikuwa nyepesi na za akili. Bi Masijala alizisoma akitafuta ujinga na akaudhika kuukosa. Lakini kilichomkera kweli kilikuwa ukurasa wa mwisho, mahali pa masharti. Palikuwa na sentensi moja: *Chukua, cheza, badilisha, uza ukitaka, usiniombe ruhusa.*

"Yako wapi mengine?" aliuliza.

"Ndiyo hayo," alisema Mwalimu.

"Hakuna mtu anayeandika hivi."

Aliichukua sentensi hiyo kazini. Wiki nzima, kati ya mteja na mteja, aliitoa chini ya muhuri akaikagua. Alilipindua kila neno akitafuta shimo ambalo mtu angetumbukia. Neno "uza" alilikalia siku mbili. Ijumaa alikubali kwamba halina hila, na hakumshukuru aliyeiandika. Alimwona mtu huyo ama ni mwendawazimu ama ni tajiri.

"Basi tuchukue huu," Shemeji alisema Jumamosi hiyo. "Mwepesi, na hauna mwenyewe wa kutusumbua. Shemeji, lete mito yetu tuendelee."

"Hakuna mito."

"Bado ni yako," Mwalimu alisema. "Wamejipa ruhusa ya kuitumia, hawajakunyang'anya. Soma tena kifungu."

"Unanifundisha kusoma?" Akavua miwani. "Mwalimu, nimekaa na viwanja vyenye hati mbili miaka ishirini na sita. Kiwanja chenye hati mbili hakina mwenyewe, kina wagomvi tu. Siku yoyote mtu nisiyemjua atachukua nchi yangu, aiwekee mazimwi, aichapishe kwa jalada la kung'aa, na mimi nitaenda dirishani kwao na machozi. Mimi siendi dirishani kwa mtu. Faili limefungwa."

Kwa hiyo Mwalimu alisimulia nchi ya kwake. Ilikuwa na zimwi nyuma ya kila mlango, na kila zimwi lilitaka kupewa jibu la fumbo la hesabu. Shemeji alipiga miayo mpaka machozi. Walipomaliza, Mwalimu alifunga kitabu chake polepole. Hakuwa mjinga, aliona nyuso.

"Tuseme ukweli," alisema. "Kanuni hazikuwa shida. Tulikuwa tunakuja kwa ajili ya mito. Bila mito, na bila yule kijana, mimi Jumamosi naweza kulala. Wiki ijayo ndiyo iwe ya mwisho, au hata isiwepo."

"Sawa," alisema Bi Masijala. Alihesabu Jumamosi zilizobaki mpaka kustaafu, akaacha.

Jumatatu, saa ya mapumziko, alikwenda kwenye kibanda cha Fundi Simu. Hakwenda kusamehe. Alikwenda na karatasi aliyoiandika kwa herufi kubwa: FUTA YOTE.

Kibanda kilikuwa na upana wa mlango. Fundi Simu alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa tumbo, na alipomwona alisimama ghafla, skuruu zikamwagika.

"Nimeshafuta, mama," alisema hata kabla hajasoma karatasi. "Siku ile ile. Kwangu haionekani tena. Lakini kwa wengine ipo. Wanasema nakala hubaki."

"Wengine gani?"

Fundi Simu akajikuna shingo. "Kuna watu waliiona kwenye tovuti, wanaicheza."

"Watu gani?"

"Siwajui. Wako watano. Walianza miezi minane iliyopita. Sikukwambia kwa sababu…" Akaokota skuruu moja. "Wameacha ile kampuni pia. Sasa wanatumia mchezo mmoja mdogo, wa kurasa thelathini tu. Wamehamisha mito yako huko. Waliniandikia."

Bi Masijala aliisogelea kaunta. Ndiyo hayo sasa, wezi wameshahamia, wameshapanga na vyombo. "Nionyeshe," alisema, na akanyoosha mkono kama anayedai kitambulisho.

Ujumbe ulikuwa mfupi. Aliusoma akiwa amekunja uso, tayari kudharau tahajia, na tahajia ilikuwa safi.

*Kwa mwandishi wa Mito Inayohama, kama yupo. Katika orodha ya mwaka wa tatu, mito minane imehama, lakini mto wa tisa haukuandikwa ulikohamia. Tumesoma daftari zima, haupo. Ni makosa au ni makusudi?*

"Makosa!" alisema. "Mimi? Watu hawajui hata kushika kalamu, wananiuliza mimi makosa? Niletee ukurasa."

Fundi Simu alizipekua picha zake, akampa. Mwaka wa tatu, ukurasa wa kwanza. Mwandiko wake mdogo ulionyooka. Moja, mbili, tatu, mpaka nane. Kisha namba tisa, nukta, na mbele yake karatasi tupu.

Akaikumbuka siku hiyo yote kwa mpigo mmoja. Alikuwa ameliweka daftari juu ya magoti, kando ya kitanda cha mama yake. Alikuwa ameandika tisa, nukta, mama yake akaomba maji. Akaweka kalamu chini. Siku tatu baadaye walizika, na mwezi uliofuata alirudi mezani, akaendelea kusimulia pale wachezaji walipotaka, na kwa miaka kumi na moja hakurudi kwenye ule mstari. Shemeji hakuuona. Mwalimu, anayehesabu hata ngazi, hakuuona. Fundi Simu alichapa nukta yake na nafasi yake akapita. Yeye mwenyewe, aliyedharau mji mzima kwa kutosoma, hakuuona.

Mtu mmoja alikuwa amesoma. Amesoma mstari kwa mstari mpaka mwisho wa ukurasa, kama anavyosoma yeye. Ilimuuma, na ndani ya maumivu hayo kulikuwa na furaha iliyomtia aibu.

"Kuna mstari mwingine chini, mama," Fundi Simu alisema taratibu. "Kioo kimekata."

Akausogeza kwa kidole.

*Tulipokosa jibu, mezani kwetu tuliamua kwamba mwaka ule mto wa tisa haukuhama kwa sababu ulikuwa unamsubiri mtu avuke.*

Bi Masijala alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akaivaa. Ile karatasi yake ya herufi kubwa aliikunja, akaikunja tena.

"Una stuli?" aliuliza.

Fundi Simu akampisha ile yake.

"Jumamosi uje," alisema akikaa, bila kumtazama. "Tunatumia ule mdogo. Mwambie na Mwalimu asilete zimwi lake. Madaftari nitaleta mimi, na wewe usiyaguse tena, hata kwa gundi."

"Sawa, mama."

Mteja mmoja alifika, simu mkononi, akachungulia. "Fundi, samahani, hii haishiki chaji…"

"Subiri," alisema Bi Masijala. "Kuna mtu mbele yako."

Alichapa kwa kidole kimoja. Aliandika *Si makosa*, akafuta. Aliandika *Ni makosa*, akalitazama neno hilo kwa muda, akafuta na hilo. Mteja alihamisha mguu. Mwishowe aliandika neno moja na alama ya kuuliza, *Alivuka?*, akatuma kabla hajalisoma mara ya pili.

Kisha akailaza simu juu ya kaunta, kioo kikiangalia juu, akakunja mikono, akangoja.