Ukuta Uliolowa

Bwana wa manispaa alipotundika kipimajoto nje ya chumba changu, alinieleza taratibu, kama anayeongea na mama yake. Bustani itakuwa moja tu. Itapandwa kwenye kiwanja kitupu mwisho wa mtaa wetu, au nyuma ya ofisi yao ya manispaa, ambako miti tayari ipo. Mtaa wenye joto zaidi ndio utakaoipata.

Nikajua ni yetu. Mjukuu wangu, ninayelala naye chumba hicho, alikuwa ameota harara mgongo mzima.

Bwana yule aliporudi kusoma kipimajoto, akakunja uso. "Bibi, hapa kwako kunapoa kuliko kule ofisini."

"Kunapoa? Hebu mshike shingo huyu mtoto."

"Kipimajoto hakina upendeleo."

"Chenyewe hakina. Aliyekileta je?"

Alicheka, lakini mimi sikucheka. Akasema atarudi mara moja tu, kisha waamue.

Alipoondoka nikaona chini ya ukuta pamelowa, na mvua haikuwa imenyesha. Nikamfikiria jirani yangu dobi, tunayemwita Kimya. Mashati ya wale wa ofisini anafua nani kama si yeye?

Mchana uliofuata nikajibanza nyuma ya pazia. Kimya akaja na ndoo, akatazama huku na huku, akaumwagia ukuta maji. Kisha akachukua kitambaa kibichi na kukifuta kipimajoto polepole.

Nikatoka. "Wamekutuma, eh?"

"Nani, bibi?"

"Hao unaowapigia pasi."

Akaiweka ndoo chini. "Mtoto analia, bibi. Namsikia nikiwa kazini. Ukuta ukilowa, ananyamaza."

"Mbona kwa kujificha?"

"Ungenikatalia. Ungesema nina kazi zangu."

Kweli ningesema. Na kweli mtoto alikuwa akilala mchana. Mimi nikawa naisifu poda niliyompaka.

"Na hiki ulikuwa unakifutia nini?"

"Si mita ya umeme? Niliogopa kuiachia maji."

Bwana wa manispaa alipokuja nikamweleza yote. Akatutazama kwa zamu, kama tumepanga maneno. Akaugusa ukuta, akanusa vidole, ndipo akakihamishia kipimajoto kwenye ukuta wa Kimya, unaopigwa na jua lilelile.

"Lakini huyu anapiga pasi humo ndani," akasema, akimkodolea macho. "Asije akanipikia vipimo."

Kimya alibeba meza yake na pasi yake ya mkaa, akahamia ng'ambo ya barabara, juani, siku zote za kupima. Aliivuka barabara kuja kwangu na ndoo tu, akinipungia mkono ili nimwone waziwazi.

Siku ya mwisho bwana yule alisoma, akafuta kioo, akasoma tena.

"Kiwanja chenu kitapandwa miti," akasema. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, mtoto analala upande gani.

Nikamwonyesha ukuta uliolowa. Akaitafuta ndoo kwa macho.