Ini Haliharibiki Bure

Kwa miaka mitatu, kila siku saa kumi na moja na nusu jioni, lango la bati lilipolia, mshona mapazia aliacha cherehani yake, akasimama mlangoni, na kaka yake mkubwa akainama mbele yake na kufungua mdomo ili anuswe. Hakuna aliyesema neno. Dada alinusa, akasogea pembeni, kaka akapita kwenda kunawa mikono. Chakula kilipakuliwa baada ya hapo. Mtu mzima mwenye mvi kidevuni, fundi saa ambaye mtaa mzima ulimwachia saa zao bila wasiwasi, alikaguliwa mdomo na mdogo wake kama mtoto aliyeiba sukari, na alikubali.

Tusimwonee dada wa watu, sababu alikuwa nazo. Kaka alikunywa miaka kumi. Alikunywa mpaka mikono ikatetemeka, kikombe kikawa kinagongagonga kisahani. Alificha chupa ndani ya saa ndefu ya ukutani ya marehemu mama yao, mpaka kile chuma kinachoning'inia kikakosa pa kuyumba, saa ikasimama, naye akaapa mbele ya dada yake kwamba saa imechakaa. Fundi saa mzima! Halafu akaugua, macho yakawa manjano, na hospitali wakasema ni ini. Akiacha pombe, walisema, vipimo vitashuka.

Kaka akasema ameacha. Vipimo vilishuka, vikapanda, vikashuka kidogo, vikapanda tena. Kila baada ya miezi michache alirudi na karatasi, akaiweka juu ya meza ya cherehani, akasema, "Sijagusa, mdogo wangu. Haki ya Mungu sijagusa." Dada akaitazama karatasi, akamtazama yeye. Ini haliharibiki bure. Mchovya asali hachovyi mara moja. Tena kulikuwa na jambo moja lililomkera kuliko yote: kila jioni ule mdomo ulinukia peremende. Kila jioni! Mtu asiye na cha kuficha, peremende ya nini?

Ndipo ukaguzi ulipoanza, na ndipo shikamoo ilipokufa. Utamwamkiaje mtu kwa heshima, kisha umwambie apanue mdomo?

Basi hivyo ndivyo walivyoishi, wamechoka wote wawili, mpaka Kiraka naye alipougua.

Kiraka alikuwa mbwa mweupe mwenye baka jeusi jichoni, kama kiraka kilichoshonwa na fundi anayejifunza. Mteja wa mapazia alimleta akiwa mdogo wa kutosha kulala ndani ya kikapu cha vitambaa. Alikula uzi, alikula vifungo, alikula kona moja ya pazia la bibi harusi, na hakuna kilichomdhuru. Alipofikisha mwaka mmoja na miezi miwili, asubuhi moja alinusa bakuli lake, akageuza uso. Kesho yake akatapika maji ya manjano. Siku ya tatu dada alimfunua kope, akaona rangi anayoijua, akambeba moja kwa moja kwenda kutibiwa.

Daktari wa wanyama alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye buti za mpira na sauti ya mtu aliyelala kwa saa nne tu. Alimtoa Kiraka damu mguuni. Majibu yalipokuja alisema lile neno ambalo dada alikuwa akiliomba lisisemwe.

"Ini lake limevurugika, mama. Amekula nini?"

Hapo ikaanza kazi ambayo haikuwa na mwisho. Sumu ya panya? Hapana, nyumba haina. Dawa za binadamu? Ziko kabatini, zimefungwa. Mahindi yenye ukungu? Uyoga? Mjusi? Dada alijibu hapana mpaka akajiona mwongo. Akapewa vidonge vya kumpa mbwa asubuhi na jioni, robo robo, na amri ya kumpikia wali mlaini na kidari cha kuku bila chumvi. Akapika. Mwezi wa kwanza vipimo vikashuka, akamshukuru Mungu. Mwezi wa pili vikapanda kuliko mwanzo.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Dada alianza kumtafuta mkosaji. Alimtaka awe na uso na jina, amshike mkono na kumwambia, ni wewe. Alifunga lango kwa kufuli. Alimtembeza Kiraka akiwa amemfunga mdomo kwa mkanda, watoto wa mtaani wakauliza kama anauma. Alimchunguza jirani mwenye kuku. Aliokota uwanjani kila kitu kilichoweza kumezwa, akiwa ameinama na mgongo unamuuma, huku mapazia ya watu yakilala mezani yamekatwa na hayajashonwa.

Kisha, kwa kuwa kikulacho ki nguoni mwako, aliingia chumbani kwa kaka yake alipokuwa kazini. Kiraka alikuwa akilala miguuni pa kaka. Nani ajuaye analambishwa nini? Alitazama chini ya kitanda. Alifungua saa ya marehemu mama. Ndani hamkuwa na kitu ila kile chuma, kikiyumba taratibu, na saa ilikuwa inakwenda sawasawa na ya mkononi mwake. Alipaswa kulifikiria hilo. Alifunga kijimlango, akarudi kupika kuku.

Jioni moja kaka aliingia akamkuta dada amepiga magoti sebuleni, mikono miwili imepanua taya za Kiraka, pua imeingia ndani. Kaka akasimama na mkoba wake wa vifaa.

"Mdogo wangu, na huyu naye umemweka kwenye foleni?"

Dada alitaka kucheka, kicheko hakikupata nguvu ya kutoka. "Niache, kaka." Kaka hakupita. Alisogea pembeni, akasubiri zamu yake.

Mwezi wa tatu ukapita hivyo. Kiraka alikonda, akanenepa kidogo, akakonda tena. Kuna siku alikimbiza gamba la kitunguu likipeperushwa na upepo, dada akamwita kaka aje aone, wakasimama wote dirishani wakimtazama. Kuna siku alilala tu, macho wazi, na dada alishona huku akikanyaga pedali polepole ili asikie anavyopumua. Alikuwa amechoka uchovu ambao usingizi hauutibu. Uuguzaji una mwisho, mgonjwa hupona au hufa. Huu ulipanda na kushuka tu.

Siku ya majibu ya mwisho, daktari alikuwa ameshampiga Kiraka utrasaundi na kupeleka damu yake kwenye maabara kubwa. Alifunga mlango wa chumba, akakaa kwenye kiti cha kupimia paka, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingine.

"Mama, nimetafuta kila ninachojua kutafuta. Si sumu, si minyoo, si virusi. Mishipa yake ni mizima. Naweza kumpasua nikakata kipande cha ini nikakipeleka, lakini bado kinaweza kisiseme kitu. Ningekuwa mimi, ningeendelea na dawa na chakula, tumpe muda."

"Sasa nini kimemdhuru?"

"Sijui."

"Lazima kuna kitu, daktari. Kuna mtu anampa kitu. Ini haliharibiki bure."

"Linaharibika bure," daktari alisema, wala hakupandisha sauti. "Nimeona mengi. Ni baya kulisikia, najua. Wewe umempikia, umemchunga, hujakosea. Hakuna aliyekosea. Kuna maini yanaugua tu."

Dada alishika ukingo wa meza ya chuma. Kiraka alimlamba kidole.

"Hata ya watu?"

"Mimi ni daktari wa wanyama, mama." Akafikiri kidogo. "Lakini ini ni ini."

Walirudi kwa miguu. Si mbali, ila Kiraka alikuwa akisimama kila baada ya nguzo mbili tatu kupumzika, na dada alisimama naye. Kwenye nguzo mojawapo alishindwa kuendelea yeye. Jioni zaidi ya elfu moja. Alijaribu kukumbuka jioni moja, moja tu, ambayo alinusa pombe. Hakuwa nayo. Kwa miaka mitatu hakukuta kitu, na kutokukuta kitu alikuwa amekufanya ushahidi wa ujanja. Alilia pale barabarani, mkono mmoja umeshika kamba ya mbwa, na mama mmoja aliyepita na ndoo akampa pole akidhani mbwa ndiye anayekufa.

Saa kumi na moja na nusu lango la bati likalia. Kaka akapanda kizingiti, akaweka mkoba chini, akainama, akafungua mdomo. Peremende.

"Pita, kaka."

"Hujaninusa."

"Pita tu."

Hakupita. Mtu aliyezoea kuinama miaka mitatu hanyooki mara moja. Alimtazama dada, akamtazama Kiraka aliyelala juu ya mabaki ya vitambaa.

"Wamesemaje ini lake?"

"Wamesema limeugua tu. Hakuna sababu. Hakuna aliyempa kitu."

Kaka akanyooka polepole, akashika kiuno.

"Na wewe umeamini?"

"Nimeamini."

"Mbwa umemwamini kwa siku moja," kaka alisema. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomkata dada maini. Afadhali angepiga kelele.

"Nisamehe, kaka."

"Dawa ameshakunywa?"

"Bado. Kaka, nisamehe."

"Lete hicho kidonge. Wewe ukikikata kinaruka."

Akakaa mezani, akasukuma pazia la mtu kando, akavaa jichoni kile kioo chake cha kutazamia saa, akatoa wembe mkobani. Kidonge kilikuwa kidogo kama kifungo cha shati la mtoto. Akakigawa mara mbili, akakigawa tena, robo nne sawa, hata unga haukumwagika. Dada aliitazama ile mikono. Ilitulia kabisa. Ilikuwa imetulia hivyo kwa muda gani? Mikono ile ilikuwa mbele yake kila siku ikishika kijiko na kumkuna mbwa, naye alikuwa akitazama mdomo.

"Na peremende je?" dada aliuliza.

Kaka aliivua ile lenzi. "Mtu ameshinda kutwa anazungumza na wateja, mdomo unakuwaje? Nilisema kama lazima uninuse, basi usinuse kibaya." Akamfungua Kiraka taya kwa vidole viwili, akaitia robo nyuma ya ulimi, akamsugua koo mpaka akameza. "Nimechoka, mdogo wangu."

"Na mimi nimechoka."

"Najua."

Asubuhi Kiraka alikula nusu ya wali akaacha nusu, macho yake bado yana umanjano pembeni, na dada akaandika kwenye kalenda tarehe ya vipimo vingine. Hakuna kilichobadilika hapo. Akashona pazia la pili la wiki iliyopita.

Jioni lango la bati likalia. Miguu ya dada ikanyanyuka yenyewe, kwa mazoea, naye akairudisha chini ya cherehani kwa nguvu. Kaka akatokea mlangoni. Alisita kidogo pale mahali pa kuinamia, akaona hakuna mtu, akapita.

"Shikamoo, kaka," dada alisema bila kuinua macho kutoka kwenye mshono, maana angeyainua angelia.

"Marahaba, mdogo wangu. Marahaba."

Na kwenye ile marahaba, kutoka upande wa pili wa chumba, ikamfikia harufu kali ya vitunguu vibichi, vya mtu aliyekula chakula chake cha mchana bila kumwogopa mtu.