Mistari Tisa ya Chaki

Nyuma ya mlango wa chumba cha kuvalia kulikuwa na mistari tisa ya chaki, na hakuna aliyethubutu kuihesabu kwa sauti. Kila mstari ulikuwa mechi moja ambayo Komeo, kipa wao, hakufungwa. Mchoraji alikuwa shemeji yake, beki wa kati aliyemwoa dada yake. Mwiko wa kutotaja idadi aliuanzisha shemeji huyo huyo, kwa mzaha, na mzaha ukaota mizizi.

Leo walihitaji sare tu wachukue kombe, na tayari waliongoza moja bila. Dakika mbili kabla ya mapumziko ikapigwa krosi ya polepole, mpira wa kudakwa hata na mtoto. Miguu ya Komeo ikagoma kutoka golini. Shemeji naye akasimama, akingoja sauti ya kipa nyuma yake. Haikuja. Mshambuliaji akapiga kichwa, wavu ukatikisika.

Chumbani hakuna aliyemtazama. Kocha alizungumza na wachezaji wa kiungo kana kwamba timu haina kipa. Komeo aliona aibu, na chini ya aibu hofu: ukuta ukishatoboka, kila mtu hujua pa kusukuma.

"Nilikungoja uite," shemeji alimwambia kwa sauti ya chini, akikaza kamba za viatu. "Hukuita."

"Ningetoka nikaukosa, je?"

"Ungeukosa, basi. Wiki ngapi sasa hutoki, shem? Unalinda goli au unalinda chaki?"

Komeo alikasirika, kwa kuwa ilikuwa kweli. Mistari ya kwanza ilimvimbisha kichwa. Ile ya mwisho ilimkosesha usingizi. Wenzake walipotoka alibaki nyuma kidogo, akavua glavu moja, akaifuta mistari yote kwa kiganja.

Bado ilikuwa sare, moja kwa moja, dakika ya mwisho, wapinzani walipopata kona. Bao moja tu, na kombe lingekwenda kwao. Mpira ukapaa kuelekea kwenye msongamano wa viwiko na mabega. Komeo akautazama. Huenda angeukosa. Akatoka hivyo hivyo, na sauti aliyodhani imemfia kifuani ikapasuka:

"Yangu!"

Mbele yake shemeji, aliyekwisha kukunja magoti aruke, akainamisha kichwa na kumpisha.