Tango la Asubuhi Ile

...na jasho nalo, linaingia machoni na mkono haufiki, maana mkono wenyewe ni wa kijani, una vidole vitatu, na uso umezama ndani ya kichwa cha sponji kikubwa kama pipa, tabasamu limeshonwa nje, huko ndani Hisanobu anahema tu, feni ya shingoni imekufa tangu asubuhi, mwaka wa sita huu anamvaa Kappa wa mji wao, zimwi la mtoni lenye sahani ya maji utosini, na kila mwaka anaapa ni wa mwisho, "Haya jamani, picha moja moja, msimsukume!" anapiga kelele Chisato, binti wa ofisini anayemwongoza asijikwae, leo tena kamkumbusha, baba, masharti ni mawili, husemi neno na huinami, ukiinama kichwa kitachomoka watoto waanze kulia, sawa, kuhusu kutosema yeye ni fundi, mwaka wa arobaini na tatu huu kuna neno halisemi... "Kappa, we Kappa, jamba basi tusikie!" watoto wanamgonga gamba la mgongoni, wanacheka, naye anawapungia, na pale kwenye foleni, mama yangu wee, yule pale, Mama Mitsuru, na mkongojo, na tango lake kwenye gazeti kama kila mwaka, si walisema kavunjika nyonga, si alishukuru moyoni, ndiyo, alishukuru, mshenzi yeye, kwamba mwaka huu bibi wa watu hatakuja... Mitsuru alikuwa na pengo la meno na kofia mpya ya besiboli, wote wawili miaka tisa, na nani aliivua ile kofia akaitupa kwenye kina chini ya daraja, nani alisema kaifuate basi, mwoga wewe, na Mitsuru hakuwa mwoga, akaifuata, maji yakajifunga juu yake, na Hisanobu akakimbia pekupeku mpaka nyumbani, watu wazima wakamzunguka, mwenzako yuko wapi, mdomo ukajisemea wenyewe, Kappa kamvuta... uongo wa mtoto, polisi wakaandika kateleza, lakini majirani waliupenda uongo, wakauwekea jiwe la ibada, likaja gazeti, ikaja katuni, zikaja beji na maandazi yenye sura ya Kappa, sasa kuna sanamu stesheni, njia ya mwongo fupi, wanasema, ya kwake ina lami na treni inasimama... "Karibu, bibi, sogea hapa, polepole," na Mama Mitsuru amefika, kalitia tango kwenye vile vidole vitatu, lakini leo haondoki, anasogeza uso kwenye wavu wa mdomo wa Kappa, anaongea kwa sauti ya chini, "Bwana Kappa, mwakani sijui kama nitafika, acha niseme leo. Asubuhi ile alililia tango. Nikalipaka miso, rojo letu la soya, nikampa. Na mama mkwe alinionya mara ngapi, mtoto aliyekula tango asiende mtoni, Kappa atamnusa. Nikasahau. Wewe ulifuata harufu ya chakula chako, sikulaumu. Kosa ni langu mimi. Nisamehe, na yeye umwambie anisamehe," tango, tango gani tena, miaka yote Hisanobu alidhani bibi anamletea Kappa zawadi, kumbe analipa faini, na yeye alidhani kalitupa lile kosa mtoni, likae na zimwi, zimwi lisilo na moyo wa kuuma, kumbe kuna mtu aliliokota, mama wa watu, kalibeba mpaka nyonga ikavunjika, na huyu ndiye aliyekuwa akimpa Hisanobu uji wa mchele alipougua utotoni... "Picha, bibi?" na bibi hataki picha, anaegemea mkongojo, anainama, chini, chini zaidi, hainuki, anangoja, na kila mtoto wa mji huu anajua Kappa ana adabu, akiinamiwa lazima ainame, na akiinama maji ya utosini yanamwagika, nguvu kwisha, maji yakimwagika hayazoleki, "Baba, usiiname," Chisato anamfinya kiwiko, "baba, kichwa! Baba!" na shingo imeshaanza, haimuulizi, vibanio vinaachia, kimoja, cha pili, upepo wa mto unamgusa kisogo, bibi bado kainama, na mle ndani ya sponji mdomo mkavu unatafuta pa kuanzia, mama, haikuwa tango, ilikuwa kofia, mama, kofia, mimi ndiye niliyeitupa...