Sindano ya Kigiriki

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekaa kwenye benchi la zahanati, nimekunja mkono wa shati, nasubiri kuchomwa sindano ya Kigiriki.

"Unakitaka cha nini?" ananiuliza nesi. Nesi mwenyewe ni pasi ya mkaa, lakini kofia yake nyeupe imemkaa vizuri, kwa hiyo sikuona sababu ya kushangaa.

"Nimesema uongo," nikajibu.

Hakuinua hata kifuniko. "Uongo gani?"

Nikamweleza. Kanisani kwetu, sisi Waorthodoksi, ibada ya jioni ya Pasaka Injili husomwa kwa lugha nyingi, kila msomaji na lugha yake. Kiswahili kilipata mtu, Kihaya kikapata mtu. Padre Fotio alipouliza nani atasoma Kigiriki, watu wote wakaangalia viatu vyao. Mdomo wangu, ambao haujawahi kufungwa breki, ukasema: "Mimi hapa, Baba."

Nilikuwa nachekesha. Ila Shangazi Evanjelia, aliyenilea, hakucheka. Alitoka pale akawatangazia wanakwaya wote, akiwemo Mama Koku, ambaye yeye na Shangazi wanachukiana kwa upendo wote wa Kikristo. Na Pasaka ni Jumapili hii. Mimi nikiaibika nitazoea. Shangazi hatavuka tena geti la kanisa.

"Wengi huja kwa sababu hiyohiyo," pasi ikasema. "Lakini Kigiriki hakichomwi. Ni cha kunywa. Kidogo kidogo, kila siku, kwa sauti. Ukikibugia kwa mkupuo utatapika vitenzi."

Ikanionyesha dirisha la dawa. Nikaingia kichwa kwanza, nikatokea darasani, kidato cha tatu, kipindi cha fizikia. Madawati yamejaa herufi za Kigiriki. Wote wamenuna.

"Kaja mwenyewe," anasema Pai. "Sekondari nzima ananiita tatu nukta moja nne. Hata siku moja hajauliza kwetu naitikaje."

"Mimi alinifanya pembe," anasema Theta.

"Afadhali wewe. Mimi alinifanya msuguano," anasema Mu, na kweli alikuwa amechubuka pande zote.

Nikawaomba radhi. Nikasema nilidhani wao ni hesabu tu.

"Sisi ni sauti," akasema Delta, pembetatu fulani mwenye mabega ya kiranja. "Anzia hapo. Usiparamie sarufi. Msalimie kila mmoja kwa sauti yake, ukimaliza rudia. Mimi ni ile ya mwanzo wa dhahabu. Sema."

"Zahabu."

Darasa zima likaguna.

"Dhahabu."

"Si ndiyo nimesema? Zahabu."

Delta akakaa kwenye upande wake mmoja, kama mtu aliyepokea habari za msiba. "Kijana, kuna mataifa wanahangaika miaka kuitafuta sauti hii. Wewe uligawiwa bure shule ya msingi, ukaitupa. Thamani unaiita samani. Ghali unasema gali. Yaani Kigiriki kimekufuata hadi mlangoni, nawe umekiambia hakuna mtu nyumbani. Hebu toa ulimi."

Nikautoa. Ulimi ukashuka wenyewe, ukavuta kiti, ukakaa katikati ya meno kama mpangaji aliyegoma kuhama.

"Huku kuna upepo," ukalalamika.

"Hapohapo," akasema Delta. "Sema sasa."

"Dhahabu."

Theta akapiga makofi. Mu naye alitaka kupiga, akaogopa kuchubuka.

Nikaomba ruhusa ya kutoka nje kidogo. Nje ni ndani ya kanisa letu. Mlangoni wamesimama herufi wengine, watoto wa sura mbalimbali, baadhi yao wawili wawili wameshikana mikono.

"Unaitwa nani?" namuuliza wa kwanza.

"I."

"Na wewe?"

"I."

"Na nyie mlioshikana?"

"I," wakajibu kwa pamoja.

"Sasa mtu anawatofautisha vipi?" nikamuuliza Sigma, aliyekuwa anapanga foleni.

"Kwa macho," akasema. "Maumbo mengi, sauti moja. Kwa sikio hutaweza, hata mama yao hawezi." Kisha akakimbia kusimama mwisho wa foleni, na papo hapo akaota mkia.

"Mbona mkia?"

"Niko mwisho wa neno," akajibu kwa sauti ya kumweleza mtu kwamba maji yanalowesha.

Nikaacha kuuliza. Nilikuwa sielewi kitu, lakini walau sasa nilikuwa sielewi kwa mpangilio.

Mara naona Shangazi amekaa mbele kabisa, kitenge kipya, shingo imenyooka. Pembeni yake Mama Koku amekunja mikono.

"Soma basi, msomi," anasema Mama Koku, "au tukuletee kiti upumzike?"

Kitabu kinafunguka. Herufi wanapanda kutoka ukurasani, wanajipanga juu ya ulimi wangu, wanasukumana nani aanze. Shangazi ananitazama. Nafungua mdomo.

"Lefteri! Unabishana na nani huko?"

Nikaamka. Kumekucha, na Shangazi yuko sebuleni anapangusa ile picha ya Mtakatifu Nikola, mwenye kofia kama kikapu, ambaye tangu nipate akili ndiye anayekabidhiwa shida zetu zote. Pembeni mwa kichwa chake kuna maandishi niliyokuwa nikiyaona kama maua ya pambo.

Leo hayakuwa maua.

"O A-yi-os," nikasoma, lile neno la Mtakatifu ninalolisikia kila ibada.

Tambara likasimama. Uso wa Shangazi ukafunguka wote. "We! Endelea, mwanangu."

"Spi-ri-dhon."

"Spiridoni ndiye nani?"

"Huyo uliyemshika, Shangazi."

"Huyu ni Nikola."

"Imeandikwa Spiridoni."

Aliitazama picha, picha ikamtazama. Kisha akayapangusa yale maandishi, kwa nguvu kidogo, akaangalia kama yamepungua. Hayakupungua.

"Jumapili utasoma hivyohivyo," akasema hatimaye, akiitundika. "Polepole, Mama Koku asipitwe na hata herufi. Na hilo jina ukilitamka tena humu ndani, utalala nje na Kigiriki chako."