Abiria wa Kuhesabiwa

Gari letu ni la halmashauri, na kabla hujauliza, ndiyo, lina kutu mlangoni. Lakini lina kitu ambacho magari mengine ya mjini hayana. Nyuma kuna viti vitatu vinavyokunjwa ukutani, na kibao cha chuma kinachoshushwa hadi chini, ili kiti cha magurudumu kipande na mwenyewe akiwa juu yake. Kushusha kibao ni kazi yangu. Kufunga mikanda ni kazi yangu. Kugombana na wanaoegesha pikipiki kituoni ni kazi yangu pia, ingawa hiyo hawanilipi.

Usukani ni wa Dereva. Jina analo, ila sijamsikia mtu akilitumia. Ni mama mnene, mpole, asiye na mzaha na sheria: gari haling'oki mtu akiwa amesimama, wala mkanda ukiwa haujafungwa. Abiria wanampenda kwa sababu huwasubiri. Mzee wa mkongojo akiwa bado anatafuta kiatu chake chini ya kitanda, Dereva huzima injini na kukunja mikono. Ndiyo maana tunachelewa. Tunachelewa karibu kila siku, na mimi ndiye ninayetukanwa na wanaosubiri mbele.

Miongoni mwa abiria wetu ni Shangazi, dada wa baba yangu. Alinilea baada ya mama kufariki, kwa hiyo kwangu ni mama mwenye cheo cha shangazi. Figo zake zimestaafu kabla ya mwenyewe. Kila Jumatatu na Alhamisi lazima afungwe kwenye mashine ya kusafisha damu, na mashine iko hospitali, mjini chini, wakati sisi tunakaa juu kabisa mlimani. Madereva wa teksi wakiona kiti cha magurudumu hukumbuka ghafla kwamba wana mteja mwingine. Bila gari la halmashauri Shangazi hafiki, na asipofika haishi. Nasema hili mapema ili nikianza kupandisha sauti huko mbele usinishangae.

Mambo yalianza kwa onyo. Halmashauri ilimwandikia Dereva kwamba gari linachelewa na ajirekebishe. Haukupita muda tukaambiwa kuna ofisa atakuja kupanda nasi Alhamisi. Hakuna aliyetuambia anakuja kufanya nini. Ila pale kituo cha kwanza anakaa Fundi Viatu na sanduku lake la gundi na sindano, mtu mwema sana, lakini mdomo wake hauna breki. Yeye ndiye aliyewaeleza watu.

"Anakuja mkaguzi kumpima Dereva saa," alisema. "Akichelewa siku hiyo, kazi hana."

Kuuliza si ujinga, lakini kwetu watu huona kuuliza ni kumsumbua mwenzako. Hakuna aliyeuliza. Kila mmoja alikwenda nyumbani kwake akapiga hesabu kimya kimya: kumpandisha yeye kunachukua muda, na muda ndio utakaomfukuzisha Dereva kazi. Kila mmoja akaamua peke yake, kwa moyo safi, asimponze Dereva.

Alhamisi ile kituo cha kwanza hapakuwa na abiria. Cha pili hapakuwa na mtu. Mama wa mtoto mwenye vyuma miguuni, ambaye hajawahi kukosa kliniki ya mazoezi, tulimwona dirishani kwake akitupungia mkono. Ofisa alikuwa amekaa kiti cha mbele, kijana mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na mkononi ana kile kidude cha kuhesabia, kinachosema *ta* kila kikibonyezwa. Hakikuwa kimesema kitu.

Kituo cha mwisho kabla ya barabara ya hospitali ni nyumbani kwa Shangazi. Nilikuta mlango umefungwa. Nikaingia, nikamkuta sebuleni, amevaa, mkoba mapajani, kiti amekigeuzia dirishani.

"Nendeni," akasema. "Kunipandisha mimi kunakula muda. Leo Dereva asichelewe kwa ajili yangu."

"Shangazi, na mashine?"

"Mashine haina miguu. Itanisubiri."

"Wewe ndiye usiyeweza kuisubiri."

"Unanifundisha mwili wangu?"

Nilishika kiti nikaanza kukisukuma. Akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Mwanamke mgonjwa, lakini alishika mlango kama aliyeujenga yeye. Nje Dereva, siku ile naye akiiogopa saa, alipiga honi. Nilimwachia, nikatoka nikiwa na hasira hata kibao nilikipandisha vibaya, nikajibana kidole.

Tulifika hospitali mapema mno, mlinzi wa getini akauliza kama kuna jambo limetokea. Ofisa alitushukuru kwa safari nzuri akashuka.

Jioni Shangazi alivimba miguu, pumzi zikawa za kuazima. Jirani mwenye pikapu alimlaza nyuma kwenye godoro, nikakaa naye nikimshika kichwa kila tulipopita shimo. Hospitali walimfunga kwenye mashine, fahamu zikamrudia. Alipofumbua macho nilimwambia wahenga walisema wema usizidi uwezo. Akaniambia nishushe sauti, wenzake wamelala. Nikatoka kwenda kulia kwenye korido.

Wiki hiyohiyo ndipo tulipojua kijana alikuja kufanya nini. Hakuja kupima saa. Alikuja kuhesabu abiria, na hakupata hata mmoja. Halmashauri ikaamua gari liondolewe mlimani mwisho wa mwezi, lipelekwe mahali penye watu.

Dereva alivaa sare yake akaenda kwa mkurugenzi. Alimweleza jinsi wagonjwa walivyojificha majumbani ili yeye asionekane mchelewaji. Mkurugenzi akacheka, kisha akaona Dereva hacheki. Akasema basi, hesabu itarudiwa Jumatatu. Gari likijaa kila kiti, litabaki mwaka mzima. Lisipojaa, asirudi tena ofisini kwake na hadithi.

Hapo pana jambo la kusema. Siku za kawaida gari letu halijai nusu. Halijai hata robo. Wanaolipanda ni wale wasioweza kupanda kingine, na hao, Mungu ashukuriwe, si wengi. Nilijua hivyo, Dereva alijua hivyo, na sote wawili hatukusema.

Fundi Viatu aliposikia ulichofanya ulimi wake, hakula siku nzima. Kisha akafunga sanduku lake akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

"Mimi ndiye niliyeharibu," aliniambia. "Na kutengeneza kilichoharibika ndiyo kazi yangu."

Jumatatu asubuhi kituo cha kwanza kilikuwa na watu kama ofisi ya vitambulisho. Kinyozi alifunga duka, mkasi ungali mfukoni. Mwalimu mstaafu alikuja na gazeti, muuza mayai na trei zake. Walikuwepo watu ambao miaka yote wamelipita gari letu kwa miguu wakilicheka. Kidude cha ofisa kikaanza: *ta, ta, ta, ta*. Nilifurahi, sikatai. Nilimwambia Fundi mambo mawili tu: aketi apendapo, ila viti vitatu vya nyuma aviache vimekunjwa, hapo ni pa kiti cha Shangazi.

"Tutasogea," akasema.

Nikaenda kumfunga mkanda yule mtoto mwenye vyuma. Kugeuka, viti vimekunjuliwa. Kwenye cha kwanza kaketi Fundi, cha pili mwalimu, cha tatu mayai na mwenye mayai. Kituo kilichofuata wakapanda wengine, gari likajaa hadi kiti cha mwisho.

Shangazi alikuwa ameshatoka mwenyewe, anatungoja kando ya barabara. Alivaa gauni lake la buluu. Miguu ilikuwa imeanza kuvimba tena, niliiona kutoka mlangoni.

"Haya, wa nyuma simameni," nikasema. "Nakunja viti."

Hakuna aliyesimama.

"Tukishuka tunapungua," akasema mwalimu kwa upole. "Na huyo ofisa anahesabu."

"Wapunguzwe wa mbele," akasema muuza mayai. "Mimi na mayai haya nitashukia wapi?"

Fundi aliinama. "Ukituondoa watatu tumwingize mmoja, hesabu inashuka. Hesabu ikishuka, gari linaondoka, na Shangazi yako Alhamisi hana gari. Fikiri."

"Na leo?" nikamuuliza. "Leo ana gari? Mnakwenda wapi nyinyi? Kinyozi, unaumwa nini wewe?"

Kinyozi akatazama nje.

"Tumekuja kusaidia," akasema kinyozi.

"Mmekuja kusaidia mkamwacha barabarani."

Dereva alizima injini. Hakugeuka, alisema tu, kwa sauti yake ileile, kwamba yeye bila Shangazi hang'oi gari, na mtu akisimama pia hang'oi. Basi tukakaa. Gari limejaa watu wema, na kwa wema wao halina nafasi ya mgonjwa. Nilikuwa karibu kusema maneno ambayo ningeyajutia mbele ya mtoto.

Shangazi akatuita kutoka nje. "Kama hapatoshi, nendeni. Nitakuja safari nyingine."

"Usianze," nikamwambia.

Ndipo kijana wa halmashauri akakohoa. Alikuwa hajasema neno tangu kituo cha kwanza.

"Samahani," akasema. "Mimi nahesabu wanaopanda. Wanaoshuka siwahesabu."

Mwalimu ndiye aliyeelewa kwanza.

"Yaani aliyepanda kapanda?"

"Kapanda, mwalimu."

Hujawahi kuona watu wanavyoshuka garini. Kinyozi alikumbuka ana mteja. Muuza mayai alipita na trei zake juu ya kichwa cha Fundi. Kila aliyeshuka alimpa Shangazi shikamoo na kumtakia safari njema, naye akawaitikia mmoja mmoja, bila haraka, kama bibi harusi anayeaga wageni. Fundi alishuka wa mwisho. Alinisaidia kushusha kibao, na mimi nikamwacha asukume kiti, kwa sababu nilimwona anavyotaka.

Shangazi akapanda. *Ta.*

Dereva akawasha gari. Tulipoingia barabara ya hospitali ndipo kijana alipogeuka kutazama nyuma. Alimwona mzee wa mkongojo. Akamwona mama na mtoto wake. Akamwona Shangazi na mimi nikiwa nimekaa chini miguuni pake nikikaza mkanda. Viti vingine vyote vilikuwa vitupu. Alitutazama, akatazama kidude chake, akatutazama tena.

Nilijua anachoona. Moyo ulinienda mbio kuliko gari.

"Hawa ndio sisi, mwanangu," akasema Shangazi. "Siku zote ni hawa. Ungetukuta hivi siku ile ya kwanza, ungeandika nini?"

"Ningeandika nilichoona, mama."

"Na gari?"

"Lingeondolewa."

Hakuzungusha maneno. Nilimchukia kwa hilo, na nilimheshimu kwa hilohilo. Shangazi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyejibiwa vizuri.

Kijana alitoa kalamu, akaandika namba iliyokuwa kwenye kidude, yote, kisha akakaa kaishikilia kalamu.

"Ila mama, nisikudanganye," akasema. "Hii ni ya mwaka mmoja tu. Mwaka kesho atakuja mwingine kuhesabu upya. Siwezi kujua atakuta nini."

Shangazi akacheka, kicheko kifupi, pumzi hazikumruhusu zaidi.

"Mwaka kesho ni wako wewe, baba," akasema. "Mimi huhesabu mpaka Alhamisi."

Kijana aliiweka kalamu mfukoni. Tulipofika getini alishuka akasimama upande wa pili wa kibao, na tukamteremsha Shangazi pamoja.