Miguu ya Blandina

Mwezi wa tatu mwaka 1983, lori lililobeba chumvi ya ng'ombe lilisimama kwenye geti la hifadhi, na Blandina wa kijiji cha Qurus akashushwa ili akaguliwe kikapu. Ndani mlikuwa na samli, blanketi la mtoto na unga wa ulezi. Askari aliyeitwa Patrisi aliingiza mkono ndani ya unga hadi kwenye kiwiko, akitafuta mbegu. Halafu akachungulia nyuma ya kiti cha dereva, akitafuta jembe. Huko juu kulima kulikuwa kosa, na kila mgeni aliyetoka upande wa mashamba alishukiwa mpaka aliporudi kwao.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," Patrisi alisema akifuta unga mkononi. "Huku kwetu, mama, hata ya kumi hatumpi." Akayatazama mabuti ya mpira miguuni mwa Blandina. "Wewe ndiye yule mama wa mahindi?"

"Ndimi."

"Basi usiyavue."

Blandina aliahidi. Tangu mvua za mwaka juzi, popote alipokanyaga peku paliota mahindi. Watu wa Qurus hawakulifanya jambo hilo kuwa kubwa. Msimu ulipofika majirani walimwita apite shambani kwao, wakampa kibuyu cha pombe, akaenda zake. Padri ndiye pekee aliyemwomba awe anaingia kanisani na viatu, kwa sababu sakafu ilikuwa imeanza kupasuka.

Ester, binti yake, aliolewa na Moringe, mfugaji wa kijiji kilicho chini ya mlima Olmoti. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike, wakamwita Nareyu. Majivu ya Mlima Lengai yalikuwa yameangukia malisho, ng'ombe wakayasusa majani, maziwa yakapungua. Ester alikuwa amekonda vibaya. Blandina alimpikia uji wa ulezi, akauwekea samli, akakaa pale kumtazama mpaka bakuli likaisha.

Moringe alimkaribisha vizuri, lakini kila alipomwamkia macho yake yalishuka kwanza kwenye mabuti. Jirani yao mmoja alikuwa amekutwa na maharage yaliyoota nyuma ya nyumba. Aliteremshwa nje ya geti na watoto na ng'ombe wake, na nyumba yake ikavunjwa.

"Yeyo," Moringe alimwambia mama mkwe wake, "hata kulala, lala nayo."

Akalala nayo. Lakini kwenye ukoo wa Blandina, bibi humzungusha mjukuu nje ya nyumba akiwa amembeba, na hufanya hivyo peku, ili ardhi imjue mtoto ni wa nani. Mtoto asiyezungushwa, walisema, huishi kama mpangaji hata kwao. Blandina aliwazungusha hivyo wajukuu zake wote. Jambo hilo lilimkereketa tangu siku aliyofika, kila alipomshika Nareyu akiwa na mabuti yale miguuni. Asubuhi moja Moringe alipokuwa machungani, aliyavua.

"Aayo, hapana," Ester alimwambia mama yake kutoka mlangoni.

"Mzunguko mmoja tu. Nitakanyaga polepole."

Alikanyaga polepole kweli. Kesho yake nyumba ilikuwa imezungukwa na mahindi ya kufika magotini, yamenyooka vizuri kuliko ya Qurus.

Moringe hakugomba. Aliwaita mbuzi, wakayala yote, na hadi mchana yalikuwa yameota tena, sasa yakifika kiunoni. Yaliyong'olewa nayo yalirudi. Ester akasema labda tatizo ni udongo wa Qurus ulioganda kwenye nyufa za nyayo, akampeleka mama yake mtoni, juu ya maporomoko yanayoangukia kreta, lile bonde kubwa la wanyama. Waliisugua ile miguu kwa jiwe mpaka ikatoa damu kidogo. Maji yakaupokea uchafu, yakaruka nao ukingoni, yakaenda zake bondeni. Wakarudi nyumbani wakiwa na matumaini, na hilo ndilo linaloniuma ninapolisimulia.

Siku mbili baadaye madereva wa watalii walitoa taarifa kwamba kreta ilikuwa na mahindi, kuanzia chini ya maporomoko na kuufuata mto mpaka ziwani. Yalikuwa yametoa mbelewele. Pundamilia walisimama ndani yake wakila, na watalii walipiga picha wakauliza kama ni ya asili.

Patrisi alikuja na Landrova, akiufuata mto kwenda juu. Aliizunguka nyumba, akavunja hindi moja, akaliweka kwenye moto wa Ester, akangoja liive. Hata nyumbani kwake hakukuwa na unga. Moringe alisimama mbele ya zizi ameshika fimbo kwa mikono miwili.

"Hatukulima," Ester alisema. "Unajua ni miguu ya mama."

"Najua. Lakini sheria haikutaja miguu. Imetaja mahindi."

"Na yale ya bondeni?" Blandina aliuliza.

"Yale hayana nyumba."

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, lakini msumeno huu ulikata palipo na watu tu. Patrisi alimaliza hindi lake, akatupa gunzi. Alisema akiripoti kwamba ni shamba, watashuka wote na ng'ombe wao. Akiripoti kwamba ni kosa la mgeni, atashuka mgeni peke yake, na hatapita tena getini maisha yake yote.

"Sema mgeni," Blandina alijibu.

Walimfunga miguu kwa gunia juu ya mabuti, wakambeba hadi garini. Ester alilia waziwazi. Mahindi ya pale nyumbani yalikauka gari lilipopita geti. Ya bondeni yalibaki mpaka tembo walipoyamaliza, na hakuna aliyeshtakiwa.

Mwaka uliofuata, siku ya mnada Karatu, Moringe alileta mbuzi. Alimkuta Blandina penye wauza vyungu, akamwamkia.

"Nareyu ametembea," alisema.

Blandina alipiga kigelegele, kisha akaiona sura ya mkwewe, akakikatisha.

"Wapi?"

"Ndani. Kutoka kitandani hadi penye moto. Tumeng'oa mahindi yote, tukachoma hadi mizizi. Sasa Ester anambeba mgongoni kutwa. Ni mzito, na anataka kushuka."

Walipita maduka yote ya Karatu. Mwaka ule madukani hakukuwa na sabuni, sembuse viatu vya mtoto. Blandina akaketi kwenye nyasi za mnada, akavua mabuti yake, akamwomba Moringe sime. Moringe alimwonyesha urefu wa unyayo juu ya kiganja chake, na Blandina akaanza kukata mpira. Mahindi yaliota pembeni yake, na wauza vyungu wakasogeza vyungu vyao. Alitoboa matundu, akapitisha kamba ya katani.

"Ongeza nafasi," Moringe alisema. "Atakua."

Blandina akaongeza. Kisha akamkabidhi viatu.

"Mwambie Ester akaze kamba," alisema. "Hata mtoto akilala, asimvue."